Raba za gurudumu kisiginoni: zinavyoserereka, zinavyoangusha na zinavyotunzwa

Mtoto anatembea kwenye sakafu ya duka kubwa kama watoto wengine. Hatua ya nne, ya tano, halafu miguu inaacha kupiga hatua na mwili unaendelea kwenda, wima, kana kwamba sakafu ndiyo inayomvuta. Anayeona kwa mara ya kwanza hutafuta mota. Hakuna mota. Igeuze raba soli juu utaona tundu kisiginoni, na ndani ya tundu gurudumu moja la plastiki ngumu lenye beringi, limejitokeza kidogo nje ya soli. Basi.

Urahisi huo ndio unaoponza. Mzazi anaona gurudumu moja dogo, anadhani hatari nayo ni ndogo. Mtoto aliyewahi kupanda skate anadhani tayari anajua. Wote wawili wanakosea kwa sababu moja: kiatu hiki hakifuati kanuni za skate, na kikiwa na gurudumu ndani hakifuati hata kanuni za kutembea. Kina kanuni zake, na karibu zote zinatokana na swali moja tu: uzito wa mwili uko wapi, kisiginoni au kwenye vidole?

Vidole ndiyo swichi

Skate za kawaida, ziwe za magurudumu manne yaliyokaa kama ya gari au yaliyopangwa mstari mmoja, zina magurudumu chini ya wayo mzima. Ukisimama tu, umeshasimama juu ya kitu kinachobingirika. Raba hizi zina gurudumu nyuma peke yake. Ukikanyaga wayo wote, kisigino kinakaa juu ya gurudumu na sehemu ya mbele ya wayo inakaa juu ya mpira wa soli. Mpira unashika sakafu, nawe huendi popote. Nyanyua vidole: mpira umeachia, uzito wote umehamia kwenye gurudumu, kiatu kimekuwa chombo cha usafiri. Shusha vidole: kimerudi kuwa kiatu.

Kwa maandishi ni kitu cha kitoto. Matatizo yanaanzia kwenye mazoea ya mwili. Binadamu akitembea hutanguliza kisigino. Ndivyo tulivyozoea tangu tukiwa na miaka miwili mitatu, wala hatufikirii. Ukiwa na gurudumu kisiginoni, kila hatua ya kawaida ni sawa na kukanyaga ganda la ndizi kwa makusudi. Ndiyo maana mwenye kuzijua raba hizi anatembea kwa kutanguliza sehemu ya mbele ya wayo, karibu na njongwanjongwa, na ndiyo maana wageni wengi huanguka wakati hawaserereki kabisa: wameitwa, wamegeuka, wamesahau, wametanguliza kisigino. Ngazi ni mbaya zaidi, hasa kushuka, kwa kuwa kisigino ndicho kinachogusa ukingo wa kidaraja. Kwenye ngazi toa magurudumu au vua viatu. Ngazi ya umeme vilevile.

Kutembea hivyo kunachosha vigimbi. Saa nzima ya matembezi ya sokoni na magurudumu yakiwa ndani ni mzigo kwa misuli ya nyuma ya mguu na ule mshipa mnene unaoungana na kisigino. Kama safari ni ya kutembea zaidi kuliko kuserereka, magurudumu yakae mfukoni na vizibo, yaani vipande vya kuziba tundu gurudumu likitolewa, vikae kisiginoni.

Msimamo: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukinyanyua vidole vya miguu yote miwili, mwili wako unagusa ardhi sehemu mbili tu, yaani gurudumu la kulia na gurudumu la kushoto. Ili usianguke, kitovu cha uzito wako lazima kibaki juu ya mstari unaounganisha sehemu hizo mbili.

Sasa weka miguu sambamba, kama askari kwenye gwaride. Mstari unakatiza kutoka kulia kwenda kushoto. Kushoto na kulia uko salama, lakini mbele na nyuma huna hata sentimita moja ya akiba. Mwili ukiyumba kidogo tu kurudi nyuma, magurudumu yanakimbia mbele na wewe unabaki hewani. Hivyo ndivyo anavyoanguka mtu aliyezoea skate, kwa sababu kwenye skate kusimama sambamba ni jambo la kawaida.

Tanguliza mguu mmoja, mwingine ubaki nyuma kwa umbali wa kama wayo mmoja hivi, yote miwili ikitazama mbele na ikiwa karibu karibu. Mstari sasa unaenda mbele na nyuma, upande ule ule unaosafiri. Ukiyumba mbele, mguu wa mbele unapokea. Ukiyumba nyuma, mguu wa nyuma unapokea. Kushoto na kulia unajisawazisha kwa kiuno na mikono, kama mtu juu ya baiskeli. Hakuna siri nyingine. Anayeserereka vizuri na anayepigwa mwereka kila mara wanatofautiana katika umbali huo wa wayo mmoja.

Kokoto ya milimita tano

Gurudumu la kisiginoni lina adui asiyeonekana kirahisi: udogo wake. Tuchukue gurudumu lenye kipenyo cha milimita 34, yaani nusu kipenyo cha milimita 17, likutane na kokoto isiyobingirika yenye kimo cha milimita 5. Hesabu ya kawaida ya nyenzo inaonyesha kwamba, ili gurudumu lililosimama lipande kokoto hiyo, linahitaji kusukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wote uliolikalia. Kama mtoto ameweka kilo 20 juu ya mguu huo, msukumo unaohitajika ni wa kilo 20. Kokoto ya milimita 2 tu, punje kubwa ya mchanga wa ujenzi, inadai zaidi kidogo ya nusu ya uzito huo. Gurudumu la baiskeli la sentimita 66 linapanda ile kokoto ya milimita 5 kwa msukumo usiofika hata sehemu moja ya tano ya uzito.

Mtu akiwa kwenye mwendo, kasi humsaidia kupita, lakini anapita kwa kupoteza kasi ghafla miguuni huku kiwiliwili kikiendelea. Kokoto ikiwa kubwa mno, gurudumu linasimama kabisa na mtu anakwenda kifudifudi. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuvaa linahusu sakafu.

Tarazo kavu na zege lililopigwa laini ndizo bora. Marumaru zinafaa zikiwa kavu, na hazifai kabisa zikiwa zimetoka kupigwa deki, kwa sababu gurudumu gumu halina mahali pa kushika kwenye maji na ukingo wa mpira wa kisigino, ambao ndio breki, nao haushiki. Lami mpya iliyo laini inapitika kwa kelele. Lami ya zamani iliyobakiza kokoto juu haipitiki. Pevingi ndizo zinazodanganya wengi. Kwa mbali ni uwanja mzuri ulionyooka, lakini kila tofali limekatwa kingo, na kati ya tofali na tofali kuna mfereji uliojaa mchanga. Gurudumu dogo linaugusa kila mfereji, na meno yanagongana. Katika miji ya pwani ongeza mchanga unaopeperushwa juu ya kila kitu, fagia kwanza.

Kujifunza bila kuvunjika

Anza na vizibo, bila magurudumu. Raba hizi ni nzito kuliko raba za kawaida na soli yake ni nene, hivyo mguu unahitaji kuzizoea. Kaza kamba hadi kisigino kisicheze ndani ya kiatu. Kisigino kinachocheza ni usukani uliolegea, kwani mguu unaagiza hivi na gurudumu linafanya vile. Kununua saizi kubwa ili mtoto akue nayo ni busara kwa viatu vya shule. Kwa hizi ni kumtegea mtoto mtego.

Vaa kofia ngumu, vikinga vya vifundo vya mikono, vya viwiko na vya magoti. Kama fedha inatosha kununua kimoja baada ya kofia, nunua vikinga vya mikono vyenye ubao mgumu upande wa kiganja. Sababu yake inakuja mbele.

Sasa ingiza magurudumu na usimame kando ya ukuta au kitu imara kama meza nzito, mkono mmoja umeshika. Tafuta mguu wako wa mbele: simama wima, mtu akusukume mgongoni taratibu bila kukutahadharisha, mguu utakaotangulia kukuokoa ndio wa mbele. Uweke mbele kwa wayo mmoja. Nyanyua vidole vya mguu wa mbele kwanza, sikia uzito ukihamia kisiginoni, kisha vya mguu wa nyuma. Rudisha vyote. Rudia hadi kitendo kikuchoshe kwa wepesi. Mguu wa mbele unakaa karibu umenyooka, wa nyuma umekunjwa goti kidogo, kiwiliwili wima. Kuinama mbele kiunoni, jambo ambalo woga humlazimisha kila mwanafunzi, kunasukuma makalio nyuma na ndiko kunakoangusha chali.

Baada ya hapo msaidizi akushike mikono yote miwili akuvute polepole huku yeye akirudi kinyumenyume. Mita tatu nne zinatosha. Mtoto akiweza kukaa hivyo bila kumning'inia msaidizi, ajaribu peke yake: hatua tatu za kutembea kwa vidole, ya mwisho iwe ndefu kidogo, halafu kisigino cha mbele kiguse na vidole vyote vinyanyuke. Kosa linalojirudia hapa ni kurukia. Mtu anakimbia, anaruka, anatua kwa visigino viwili kwa pamoja, sambamba. Matokeo yake tumeshayaeleza.

Kukata kona hakuhitaji kupindisha miguu. Tazama unakotaka kwenda, geuza mabega, egemea upande huo kidogo, nyayo zibaki zikitazama upande mmoja. Ukiupindisha mguu mmoja peke yake, magurudumu mawili yanakwenda njia mbili.

Kusimama, na miteremko

Breki ipo, ila watu hawaijui kwa sababu haionekani. Nyuma ya gurudumu kuna ukingo wa mpira wa kisigino. Ukizidi kunyanyua vidole juu, kiatu kinainama nyuma na ukingo huo unaanza kukwaruza sakafu. Kukwaruza huko ndiyo breki. Kunataka mazoezi, kwa sababu uzito ukiufuata mguu nyuma utakaa chini. Kiwiliwili kibaki mbele kidogo huku vidole vikipanda. Tumia mguu mmoja, si miwili.

Njia ya pili ni kutoka kwenye mserereko kwa kutembea: shusha vidole vya mguu wa nyuma na papo hapo nyanyua mguu wa mbele kupiga hatua, kisha nyingine, kama mtu anayeshuka kwenye daladala ambayo haijasimama kabisa. Kamwe usishushe vidole vya miguu yote miwili kwa pamoja. Viatu vinasimama pale pale na mwenye viatu anaendelea.

Breki hiyo inatosha kwa mwendo wa kawaida kwenye sakafu iliyo sawa. Kwenye mteremko haitoshi. Njia ya mita 20 inayoshuka mita 1 tu, mteremko ambao mtembea kwa miguu huenda asiutambue, inaweza kumfikisha mtu kwenye kasi ya karibu kilomita 16 kwa saa msuguano ukiwekwa kando. Toa msuguano uupendao, bado ni kasi ya baiskeli, na anayeendeshwa amesimama juu ya visigino akiwa na kipande cha mpira kama breki. Njia za kuingilia maegesho ya magari chini ya majengo zinavutia watoto kwa ulaini wake. Ni miteremko, na magari yanapanda kutoka upande wa pili.

Kwa nini ni mkono unaovunjika

Viatu viko miguuni, lakini hospitali huona mikono. Mtu anayeanguka chali au kifudifudi hutanguliza viganja, na mfupa wa kigasha karibu na kifundo cha mkono hupokea mwili wote. Kwa mtoto ni sehemu hiyo hiyo yenye tabaka la ukuaji, ile gegedu laini inayorefusha mfupa, hivyo jeraha hapo linataka uangalizi makini kuliko linavyoonekana.

Mwaka 2006 raba hizi zilipokuwa zimepamba moto, madaktari wa hospitali moja ya watoto mjini Dublin, Ireland, waliorodhesha watoto 67 walioumia mifupa na viungo ndani ya wiki 10 za kiangazi kutokana na raba hizi pamoja na roli zinazofungwa juu ya kiatu kwa mkanda. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2007. Majeraha mengi yalikuwa ya mikono, na sehemu kubwa ya watoto walikuwa wageni wa vifaa hivyo, wengine wakivivaa kwa mara ya kwanza. Somo la hesabu hiyo liko wazi: siku za kwanza ndizo za hatari, na ndizo hasa ambazo mtoto anataka kuwaonyesha wenzake nje bila vikinga.

Mtoto akianguka na kifundo cha mkono kikavimba, kikapinda au akakataa kukisogeza, usikande, usivute, usimpeleke kwa mchua. Vua pete na bangili mapema kabla vidole havijavimba. Kunja gazeti nene au kadibodi, lifike kutoka chini ya kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole, lifunge kwa vipande vya kitambaa bila kubana, kisha ning'iniza mkono kwa kanga shingoni. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, umebana mno au mshipa umeguswa. Legeza na uwahi hospitali. Picha ya eksirei ndiyo itakayosema kama ni P.O.P., ile plasta ngumu, au ni bandeji tu.

Zinafanana, si ndugu

Sokoni na mtandaoni kuna vitu vitatu vinavyouzwa kwa jina moja la viatu vya matairi, na maelekezo ya kimoja hayafai kwa kingine.

Cha kwanza ndicho tulichokieleza, gurudumu moja kisiginoni, linalotolewa kwa mkono. Jina maarufu zaidi ni Heelys. Aliyezibuni ni Roger Adams, Mmarekani aliyekuwa mwanasaikolojia na aliyekulia katika familia yenye ukumbi wa skate jimboni Washington. Mwaka 1998, akiwatazama vijana wakiteleza ufukweni Huntington Beach, California, alipata wazo la gurudumu linalojificha kisiginoni. Kampuni ilianzishwa mwaka 2000 Texas, na hataza kuu ya Marekani, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ikatolewa mwaka 2002. Kilele kilikuwa 2006: mauzo ya takriban dola milioni 188, na Desemba hisa zikaingia soko la Nasdaq kwa dola 21 kila moja. Miaka miwili baadaye mauzo yalikuwa yameshuka chini ya nusu, na mwaka 2013 kampuni nzima ilinunuliwa kwa takriban dola milioni 63. Watoto walikua, shule na maduka makubwa mengi ya Marekani na Uingereza yalizipiga marufuku, na nakala za bei rahisi zikajaa. Zipo pia aina zenye magurudumu mawili kila kiatu. Ni imara zaidi kwa anayeanza, ila ni nzito na zinakata kona kwa ubishi.

Cha pili ni raba za kitufe. Magurudumu, mara nyingi manne, yamekunjwa ndani ya soli. Ukibonyeza kitufe au kuvuta komeo yanatoka. Hizi ni skate kweli kweli, kwa sababu magurudumu yapo mbele na nyuma, kwa hiyo ile habari ya kunyanyua vidole haipo, wala kusimama kwa kushusha vidole hakupo. Udhaifu wake uko kwenye komeo. Mchanga ukiingia, pini inakaa nusu. Magurudumu yanaonekana yametoka lakini hayajafunga, na yanajikunja mtu akiwa kwenye mwendo. Kila unapoyatoa, geuza kiatu, weka viganja viwili juu ya magurudumu na ubonyeze kwa uzito wa mwili. Yakirudi hata kidogo, usivae. Nyingi ya zile za bei ya chini kabisa hazipiti jaribio hili baada ya miezi michache, na hakuna fundi anayezirudisha katika hali yake, maana komeo limeungwa ndani ya plastiki.

Cha tatu ni roli za kufunga kwa mkanda juu ya kiatu chochote, kama Street Gliders na Razor Jetts. Zinaserereka kwa kisigino kama zile za kwanza, ila zinapanua mguu kwa pembeni na mkanda hulegea. Kaza upya kila baada ya dakika kumi hivi.

Zile za mota, mfano Moonwalkers zilizotangazwa Marekani mwaka 2022, ni jambo jingine kabisa. Zinafungwa juu ya kiatu na zinamfuata mtu anavyotembea, zikimwongezea mwendo hadi kilomita 11 hivi kwa saa. Humo mtu anatembea, haserereki.

Gurudumu, beringi na mikono ya fundi

Gurudumu la kisiginoni lina ganda la poliyurethani, ile plastiki ngumu, beringi moja kila upande, na ekseli fupi inayopenya katikati. Ncha za ekseli ndizo zinazobanwa na kikombe kilichozamishwa ndani ya soli. Kulitoa unaingiza kifaa maalumu cha kung'olea chini ya gurudumu na kulinyanyua kama unavyofungua soda. Bisibisi inaweza kufanya kazi hiyo, na ndiyo inayochana vikombe vingi. Tumia kifaa chenyewe au kijiko kizito chenye ncha butu. Kulirudisha, lipange ekseli kwenye mifereji yake, bonyeza kwa kiganja hadi lilie tak, halafu tazama kama ncha zote mbili za ekseli zimezama sawa. Upande mmoja ukiwa juu, litachomoka.

Adui wa kila siku ni nywele, nyuzi za zulia na za soksi. Zinajisokota kwenye ekseli, zinaingia pembeni mwa beringi, gurudumu linaanza kuwa zito, na mwenyewe anadhani limekwisha. Mara moja kwa wiki toa gurudumu, chomoa ekseli, vuta uchafu kwa kibanio.

Beringi ikilia kwaru kwaru, isafishe kabla ya kununua nyingine. Ng'oa kile kifuniko cha pembeni kwa ncha ya sindano, tumbukiza beringi kwenye mafuta ya taa, izungushe, ipige piga kwenye kitambaa, rudia hadi mafuta yatoke masafi. Ikaushe kabisa. Kisha tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Usijaze grisi nene ya magari, kwa sababu inalifanya gurudumu liwe zito na inanasa vumbi. Usioshe kwa maji na sabuni, vinginevyo siku mbili baadaye una kutu. Waliowahi kutengeneza gari la mbao la beringi mtaani hawahitaji kuambiwa hili.

Namba za ABEC (1, 3, 5, 7, 9) zinazopigiwa debe na wauzaji zinapima usahihi wa utengenezaji wa beringi. Hazipimi kasi, wala hazisemi beringi itadumu kwa muda gani kwenye vumbi. ABEC 9 chafu inashindwa na ABEC 3 safi. Ukitafuta ya kubadilisha, usichukue tu ile ya skateboard inayoitwa 608, yenye kipenyo cha ndani milimita 8, cha nje 22 na unene 7, kabla ya kupima. Magurudumu ya kisiginoni ni madogo na mengi hayana nafasi yake.

Gurudumu huliwa upande mmoja zaidi, kulingana na mtu anavyokanyaga. Libadilishe kulia kwenda kushoto kabla halijawa na umbo la koni. Likishapungua hadi soli inagusa ardhi ukinyanyua vidole kidogo tu, muda wake umefika.

Unapozikuta mtumbani

Raba hizi hujitokeza kwenye marobota ya mitumba, aghalabu bila magurudumu, na muuzaji hajui lile tundu ni la nini. Ingiza kidole kwenye kikombe: mifereji ya ekseli iwe na kingo kali pande zote mbili, bila ufa. Angalia ukingo wa mpira nyuma ya tundu. Ukiwa umeliwa hadi kufikia povu la ndani, breki haipo tena. Fundi viatu anaweza kubandika kipande cha tairi kwa gundi, lakini joto la kukwaruza na mvuto wa kuburuta ni mtihani mkubwa kwa gundi ya kiatu, na kubanduka kwake hutokea pale pale breki inapohitajika. Kisha bonyeza povu la soli kwa dole gumba. Povu la poliyurethani lililokaa miaka mingi, hasa kwenye unyevu, huoza kimyakimya na kumumunyuka kama keki iliyolala. Kiatu kinachoonekana kipya kinaachana vipande siku ya pili. Magurudumu ya kubahatisha kutoka kampuni nyingine hayakai, kwa kuwa urefu wa ekseli hutofautiana, na pengo la milimita moja linatosha kulitoa gurudumu njiani.

Kikombe kizima, mpira wa nyuma upo, povu gumu, lakini magurudumu hayapatikani? Kata kizibo cha mpira kutoka kandambili nene, kijaze tundu hadi kiwe sawa na soli ili kokoto zisiingie, na umtajie muuzaji bei ya raba ya kawaida.